Jinsi ya Kuandaa Siku Nzima ya Vipindi vya Maneno Redioni Wakati wa Sikukuu: Mwongozo Kamili

Sikukuu huwa mtihani kwa kituo cha redio. Ofisi zimefungwa, wageni wa kila siku hawapokei simu, nusu ya wafanyakazi wako likizo, na bado kuna saa kama 18 za hewani zinazosubiri kujazwa. Vituo vingi hupita njia ya mkato: muziki mfululizo kuanzia asubuhi, na mtangazaji akisikika mara mojamoja kutaja saa. Mwongozo huu ni wa mtayarishaji anayetaka kuijaza siku hiyo kwa maneno: hadithi, michezo ya kuigiza, mahojiano, mashairi, makala, chemsha bongo na mijadala, vikifuatana kwa mpango ambao hata anayewasha redio katikati ataushika.

Kazi hii haihitaji kituo kikubwa. Inahitaji wiki sita hivi za maandalizi, na uamuzi mmoja unaotangulia mengine yote.

Amua kwanza unamwandalia nani

Aliyezungukwa na ndugu na wageni ana mazungumzo ya kutosha nyumbani kwake. Anayeihitaji redio ya maneno siku hiyo ni mwingine: mgonjwa aliyelazwa, muuguzi wa zamu, mlinzi wa getini, dereva aliye barabarani, mzee anayeishi peke yake, mwanafunzi aliyekosa nauli ya kurudi kwao, mfiwa ambaye sikukuu hii ni ya kwanza bila mtu wake. Mwandalie huyu kwanza. Ukimwandalia vizuri, wenye wageni nao watatega sikio. Ukiwaandalia wenye shamrashamra peke yao, huyu utakuwa umemwacha, na ndiye ambaye angekaa nawe tangu alfajiri hadi usiku wa manane.

Uamuzi huu unagusa kila kitu, hadi sentensi moja moja za mtangazaji. "Najua sasa hivi mmeizunguka meza na familia zenu" ni sentensi ya ukarimu, lakini humwambia aliye peke yake kwamba kipindi si chake. Badala yake mtangazaji anaweza kusema, "Popote ulipo, uwe na watu au uwe peke yako, karibu." Andika jambo hili kwenye karatasi ya kwanza ya maelekezo na umpe kila atakayeshika maikrofoni siku hiyo.

Hatua ya 1: Chora siku ya msikilizaji (wiki ya sita kabla)

Usianze kwa kuorodhesha vipindi ulivyonavyo. Anza kwa kujiuliza mikono ya msikilizaji inafanya nini kila saa, na nyumba ina kelele kiasi gani. Siku za kazi redio husikilizwa sana asubuhi na mapema watu wakijiandaa kutoka, na tena jioni wakirudi. Sikukuu huuvuruga mpangilio huo. Watu huchelewa kuamka, katikati ya asubuhi wana kazi za jikoni, mchana kuna kelele, alasiri pana utulivu wa shibe, jioni wengine wako safarini wakirudi makwao, na usiku nyumba zinatulia tena.

Uchaguzi wa saa ni kazi nzito kuliko unavyodhaniwa. Krismasi ya mwaka 1932, Mfalme George V wa Uingereza alipohutubia himaya yake kwa redio kwa mara ya kwanza, saa iliyochaguliwa ilikuwa tisa alasiri kwa saa za London, kwa kuwa ndiyo iliyofaa kuzifikia nchi nyingi zaidi kwa masafa mafupi. Hotuba yenyewe ilikuwa na maneno 251 tu. Yamo mafunzo mawili hapo: tafuta saa ambayo watu wako wanaweza kukusikia, na usiwachoshe.

Ratiba ifuatayo ni ya mfano. Igeuze uone inavyokaa kwako.

Saa 12 hadi saa 2 asubuhi: salamu, moja kwa moja kutoka studio, zikielekezwa kwa walioko kazini. Hawa ndio walio macho.

Saa 2 hadi saa 3: makala kuhusu chimbuko la sikukuu yenyewe. Nani aliianzisha, ilibishaniwa vipi, iliadhimishwaje zamani. Watu wengi husherehekea siku ambayo historia yake hawajawahi kuisikia ikisimuliwa kikamilifu.

Saa 3 hadi saa 4: hadithi na vitendawili vya watoto.

Saa 4 hadi saa 7: chemsha bongo, vichekesho, mazungumzo mepesi. Mikono ya wengi ina kazi na masikio yanagawanyika, kwa hiyo kipindi kinachodai umakini kitapotea bure.

Saa 7 hadi saa 9 alasiri: vipande vifupi vya dakika tano hadi kumi, kila kimoja kikijitosheleza. Hizi ndizo saa zenye kelele kuliko zote.

Saa 9 hadi saa 10: mchezo wa redio. Ni saa ya dhahabu ya sikukuu, watu wamejinyoosha na hakuna anayekwenda popote. Weka hapa kazi yako bora kuliko zote.

Saa 10 hadi saa 12 jioni: simulizi za safari, kwa ajili ya walioko barabarani, kisha kipindi cha kupiga simu.

Saa 12 hadi saa 1 usiku: taarifa ya habari na uchambuzi.

Saa 1 hadi saa 3: mahojiano marefu na mtu mmoja.

Saa 3 hadi saa 4: usomaji wa hadithi ndefu.

Saa 4 hadi saa 6 usiku: mashairi, sauti za zamani kutoka maktaba ya kituo, na maneno ya taratibu ya kumsindikiza asiyepata usingizi.

Ukisoma orodha hii kwa kasi utaona kwamba vipindi vizito havikai bega kwa bega. Mahojiano ya saa mbili yakifuatwa na mjadala wa saa mbili ni sauti zilezile za watu wanaojibizana, hata kama mada zimetofautiana. Badilisha idadi ya sauti: mmoja anasoma, kisha watano wanaigiza, kisha wawili wanazungumza. Sikio hupumzika kwa mabadiliko hayo hata pasipo wimbo.

Hatua ya 2: Tafuta na kuandaa maudhui (wiki ya tano hadi ya tatu)

Tenga vipindi katika mafungu matatu: vya kutengeneza upya, vilivyomo maktaba, na vya kurushwa moja kwa moja. Kituo kidogo kisijaribu kutengeneza kila kitu upya. Mchezo mmoja, makala moja, mahojiano marefu moja na hadithi moja, vyote vipya na vilivyofanyiwa kazi, vinatosha kuibeba siku. Yaliyobaki yatoke maktaba na studio.

Hadithi ya kusomwa. Huu ni utanzu wa bei nafuu kuliko yote na unapuuzwa bila sababu. Chukua msomaji wako, mpe ukurasa mmoja wenye maneno unayojua idadi yake, na umpime kwa saa. Tuseme anasoma maneno 110 kwa dakika. Kipande cha dakika 15, ukitoa dakika moja ya utambulisho, kitabeba maneno 1,540. Hadithi ya maneno 9,000 unayotaka kuigawa vipande vitano itapaswa kushuka hadi 7,700, yaani ukate 1,300.

Ukate wapi? Ondoa kwanza maelezo ambayo sauti itayabeba yenyewe: "alisema kwa hasira," "alijibu kwa unyonge." Kisha punguza wahusika wanaotokea mara moja na kupotea. Kuna mahali, hata hivyo, ambapo utalazimika kuongeza maneno badala ya kupunguza. Mwandishi wa kitabu akiandika "Alimtazama, akamwambia aondoke," macho ya msomaji yanaweza kurudi juu kuhakikisha ni nani anamfukuza nani. Sikio halirudi. Kwa redio andika: "Zuhura alimtazama shemeji yake, akamwambia aondoke." Rudia majina na uhusiano kila baada ya aya moja au mbili.

Mwisho wa kila kipande ukate jambo likiwa linaelekea kutokea, si lilipokwisha kutokea. Na kipande kinachofuata kifunguliwe kwa muhtasari wa sekunde 30, kwa ajili ya aliyeingia sasa hivi.

Mchezo wa redio. Mchezo wa kwanza kuandikwa mahsusi kwa redio unaokumbukwa sana ulirushwa na BBC Januari 1924. Wahusika wake wamekwama ndani ya mgodi wa makaa ya mawe, taa zimezimika, na hakuna anayemwona mwenzake. Msikilizaji naye haoni. Mwandishi alikichukua kile kinachoitwa upungufu wa redio akakifanya kisa chenyewe, na miaka mia moja baadaye bado ni somo kwa yeyote anayeandika kwa ajili ya sikio.

Kwa dakika 50, wahusika wanne au watano wanatosha. Chagua waigizaji kwa sauti zao: fumba macho wakisoma pamoja, na ukichanganya wawili, badilisha mmoja. Milio iwe michache yenye maana. Hatua zinazokaribia, mlango, kimya. Milio inayorundikwa humfanya msikilizaji aanze kukisia studio mlikuwa mnagonga nini, na kisa kinamponyoka.

Tahadhari moja ya lazima. Usiku wa Oktoba 30, 1938, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha mchezo kuhusu uvamizi kutoka sayari ya Mirihi, ukiwa umetungwa kwa mtindo wa taarifa za habari za dharura. Waliokosa utangulizi, baadhi yao waliamini kwamba ni kweli na wakaingiwa na hofu, ingawa magazeti ya siku zilizofuata yalitia chumvi nyingi. Sikukuu watu huwasha na kuzima redio ovyo, na chumba cha habari hakina watu wa kujibu simu za wenye wasiwasi. Kama mchezo wako una king'ora, taarifa ya habari ya kubuni au sauti ya kiongozi, utambulishe kuwa ni mchezo mwanzoni, katikati na mwishoni.

Mahojiano marefu. Saa mbili na mtu mmoja zinawezekana ikiwa mtu huyo anajua kusimulia. Cheo si kigezo. Fundi saa, mkunga mstaafu, mchoraji ramani, mtu aliyeishi na kazi yake hadi ikamjaza maneno: hao ndio wa sikukuu. Panga maswali yako kuzunguka vitu na matukio. "Unaionaje hali ya ukunga leo?" huzaa hotuba. "Mkoba wako ulikuwa na nini ndani?" huzaa kitu kimojakimoja kikitolewa mkobani, na kila kitu na kisa chake.

Mashairi. Yapangwe matatu au manne kwa kila kipande, na kati ya shairi na shairi pawe na kimya cha sekunde tatu au nne. Usiweke ala ya muziki chini ya shairi lenye vina na mizani, kwani lina mwendo wake tayari na ala huupigania.

Chemsha bongo. Fupi, ya kuchangamsha, maswali yanayomfanya aliye jikoni apige kelele ya jibu. Hakikisha kila jibu kutoka vyanzo viwili.

Hatua ya 3: Maliza mambo ya haki mapema

Hadithi iliyochapishwa ni mali ya mtu. Mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne, wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, unazitaka nchi wanachama kulinda kazi za maandishi kwa maisha ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi miaka 70. Angalia sheria ya nchi yako, kisha mwandikie mchapishaji au mwenye haki ukiwa umebakiza wiki tano. Taja jina la kazi, urefu wa usomaji, tarehe ya kurushwa, kama utarudia, na kama sauti itawekwa kwenye intaneti. Hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi, na kibali cha hewani hakimaanishi kibali cha mtandaoni.

Ngano za mapokeo kwa kawaida hazina mtunzi mmoja wa kuombwa ruhusa, lakini bibi aliyekusimulia ana haki ya kujua sauti yake inakwenda wapi. Mweleze, akubali akiwa anarekodiwa, na umlipe kama unavyomlipa mwandishi.

Vipindi vya maktaba navyo vikaguliwe. Waigizaji wa zamani huenda walisaini kwa kurushwa mara moja tu.

Hatua ya 4: Rekodi na kuhariri (wiki ya tatu na ya pili)

Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, ikielekezwa upande kidogo ili herufi p na b zisipige pumzi moja kwa moja. Ukirekodi nyumbani kwa mtu, chagua chumba chenye pazia, kitanda au makochi, uzime feni na jokofu, kisha acha ufunguo wako juu ya jokofu usije ukaondoka bila kuliwasha. Kabla ya kufunga vifaa rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya. Kila chumba kina mvumo wake wa chinichini, na dakika hiyo ndiyo utakayotumia kuziba mahali ulipokata, ili mkato usisikike.

Hifadhi rekodi asilia katika faili za WAV, ambazo kwa kawaida haziibani sauti, na uhariri humo. Faili za MP3 hupoteza sehemu ya sauti kila zinapohifadhiwa upya.

Jambo linaloharibu siku ya maneno kuliko hitilafu nyingine ndogo ni viwango vya sauti kupishana. Mashairi yananong'ona, msikilizaji anaongeza sauti, kisha chemsha bongo inamlipukia. Mgonjwa kitandani hawezi kukimbilia redio kila nusu saa. Pima kila faili kwa kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti, LUFS, ambacho programu nyingi za kuhariri zinacho. Muungano wa watangazaji wa Ulaya, EBU, kupitia pendekezo lake R 128 la mwaka 2010, uliweka kiwango cha -23 LUFS. Kituo chako kinaweza kuwa na kiwango kingine. La muhimu ni vipindi vyote vya siku viwe kwenye kimoja.

Kisha sikiliza kila kipindi tangu mwanzo hadi mwisho ukiwinda maneno yanayofichua tarehe: "wiki iliyopita," "mvua hii inayonyesha," "piga simu sasa hivi." Hilo la mwisho ni kosa zito. Msikilizaji aliye peke yake atapiga kweli, na simu italia kwenye chumba kisicho na mtu. Kipindi kilichorekodiwa kisijifanye kiko hewani moja kwa moja.

Hatua ya 5: Habari na mambo ya ghafla

Ijumaa Kuu ya Aprili 18, 1930, mtangazaji wa BBC aliwaambia wasikilizaji kwamba hakuna habari, na kinanda kikapigwa kujaza muda uliobaki. Leo hakuna kituo kitakachofanya hivyo, lakini ile hali ya habari kuwa chache siku ya sikukuu ipo bado. Kubali ukweli huo. Muhtasari wa dakika tatu kila saa unatosha, na ukiwa na dakika mbili za habari, soma mbili. Kuvuta habari ya jana kwa maneno mapya ni kumdanganya msikilizaji.

Ajali, moto na vifo, hata hivyo, havina likizo. Andaa ukurasa mmoja unaojibu maswali haya: nani ana mamlaka ya kukatiza kipindi? Anapatikana kwa namba gani, na ya pili ni ipi? Vipindi gani viondolewe mara moja msiba mkubwa ukitokea? Kwa hilo la mwisho pitia ratiba nzima na uweke alama kwenye vichekesho, mchezo wenye kifo, hadithi yenye ajali ya barabarani. Kila penye alama, andika kipindi mbadala. Mtangazaji kijana aliye peke yake studio saa nne usiku asiachiwe kuamua hayo kwa kubahatisha.

Hatua ya 6: Andika viunganishi

Viunganishi ni yale maneno ya mtangazaji kati ya kipindi na kipindi, na mimi nayahesabu kuwa nusu ya siku nzima kwa thamani ingawa kwa muda hayafiki saa moja. Vipindi ishirini visivyounganishwa ni faili ishirini zinazofuatana tu. Yaandikwe mapema, yasiachwe kwa bahati.

Kiunganishi kibovu: "Hiyo ilikuwa hadithi. Sasa tunaendelea na kipindi kingine cha mahojiano, usiende mbali."

Kiunganishi kizuri: "Mvuvi wa hadithi yetu amerudi nyumbani mikono mitupu. Mgeni wetu wa saa hii amevua kwa miaka arobaini, na anasema siku za mikono mitupu ndizo zilizomfundisha kuisoma bahari. Tunaye mpaka saa tatu."

Cha pili kinachukua kitu kutoka nyuma, kinakikabidhi mbele, na kinamwambia msikilizaji atakaa kwa muda gani. Taja saa, taja kituo, na kila saa moja taja kwa kifupi vipindi viwili vikubwa vilivyo mbele na saa zake. Anayetaka kusikiliza mchezo wa saa tisa apate nafasi ya kujipanga.

Ukipima kipindi cha nusu saa, kiwe dakika 26 au 27. Dakika zinazobaki ni za muhtasari wa habari, kiunganishi na pumzi.

Hatua ya 7: Mkesha na siku yenyewe

Mkesha, pakia faili zote kwenye kompyuta ya kurushia kwa mpangilio, kisha fungua kila moja na usikilize sekunde kumi za mwanzo na kumi za mwisho. Jina la faili linaweza kuwa sahihi na yaliyomo yakawa mengine. Weka nakala nyingine kwenye diski iliyo mezani studio. Jaribu jenereta kwa kuibebesha mzigo halisi wa studio, si kuiwasha na kuizima. Tengeneza vipindi viwili vya akiba, kimoja cha nusu saa na kingine cha saa nzima, visivyotaja saa wala tarehe.

Awepo mtu studio muda wote, hata kompyuta ikiwa inajiendesha. Zamu za saa nne hadi tano zinafaa. Mwenye zamu awe na ratiba iliyochapishwa, viunganishi, ukurasa wa dharura, namba ya fundi mitambo, na chakula, kwa sababu siku hiyo hatapata pa kununua.

Kipindi cha kupiga simu cha jioni kiwe na watu wawili, mmoja hewani na mmoja wa kupokea na kuchuja simu. Swali liwe jepesi kujibiwa na mtu yeyote: "Nani alikufundisha kazi unayoifanya?" Usiulize "Unasherehekeaje?" kwa kuwa wapo wasiosherehekea. Mpigaji akilia, mtangazaji asimkimbize kwenye tangazo. Amwache amalize, amwite kwa jina, amshukuru, na mpokea simu aendelee kuzungumza naye nje ya hewa.

Hatua ya 8: Siku inayofuata

Andika kila kilichokwenda tofauti na ratiba, saa na dakika yake, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Walipe wasimulizi, waigizaji na wasomaji ndani ya wiki hiyo. Jibu ujumbe wa wasikilizaji, hasa waliouliza jina la hadithi au la msomaji. Halafu ipe kila faili jina lenye tarehe ya kurekodiwa, urefu, majina ya sauti zilizomo, na haki zilizobaki: irushwe mara ngapi tena, hadi mwaka gani, na nani wa kuulizwa.